Nakshi ya Mgongoni

Akaiti alikata uzi kwa meno, akaligeuza koti, akalitazama mgongoni kwa mara nyingine ambayo hakuihitaji. Hapakuwa na mshono uliosalia. Hata hivyo vidole vyake vilikataa kutulia. Vilipapasa vifungo vya shaba, vikapanda kwenye kola, vikashuka tena mgongoni, kama vidole vya mtu atafutaye kosa huku akiomba asilione.

Meli ya visiwa vya kaskazini ilikuwa gatini Avatiu, kisiwani Rarotonga, ikipakia mapipa ya mafuta na magunia ya unga. Jioni isingeikuta hapo. Tamatoa, mwenye koti hilo, angeondoka nayo kwenda Manihiki, kuzamia chaza wa lulu kwa msimu mzima. Na kabla hajaondoka, mama yake alikuwa ameahidi kufika hapo mtaani Ruatonga, nyumbani kwa shangazi yake Akaiti, ili lizungumzwe jambo la posa. Mama Tepaeru hakuahidi kwa moyo mkunjufu. Mwanawe alikuwa amembembeleza, akamnunia, akamsusia chakula, mpaka mama wa watu akasema atakwenda, atakaa, atasikia. Zaidi ya hapo asiulizwe.

"Utalitoboa hilo koti kwa macho," alisema Shangazi Mii kutoka jikoni. Alitokea barazani na bakuli la saladi ya viazi, mikono yake ikiwa myekundu kwa maji ya kiazisukari. "Weka chini. Limekwisha."

"Shangazi, nywele zangu zikoje?"

"Zipo kichwani. Ulitaka ziwe wapi?"

"Mimi sitanii."

"Wala mimi. Mama Tepaeru haji kuoa nywele. Anakuja kuona kama binti wa kisiwani Mangaia anajua kukaa na watu. Kwa hiyo keti vizuri, ufunge mdomo, na ukikaribishwa chakula usile kama mtu aliyeokolewa baharini."

"Na akisema hapana?"

"Akisema hapana, nitamla yeye, saladi nitaihifadhi."

Akaiti alicheka. Aliinuka akapanga upya mito ya viti, akayasogeza mavazi yaliyoning'inia kwenye kamba ya baraza: suruali ya jinzi iliyotariziwa mawimbi pindoni, sketi yenye samaki wa uzi wa njano mfukoni, fulana ya jinzi ya kijana mmoja wa Nikao aliyetaka jina la timu yake ya raga mabegani. Vijana walizileta nguo hizo zikiwa ngumu na tupu kama magunia, wakaondoka nazo zikiwa na sura za wenyewe. Lakini hakuna vazi alilopata kulishona kwa moyo aliolishonea koti la Tamatoa.

Kitambaa chake kilikuwa cha buluu iliyokolea Tamatoa alipolileta. Mvua ilikuwa ikinyesha siku ile, na wawili hao walikuwa wameketi karibu kuliko ilivyolazimu, Akaiti akiwa na chaki mkononi.

"Nataka majani mawili ya shelisheli," Tamatoa alimwambia. "Ya kitambaa cheupe. Yainamiane, vikonyo vyake vikutane chini. Na katikati ndege mweupe, mabawa juu."

"Nzuri hiyo. Umeiona wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu kwa nani? Nani aliikata?"

"Si nimekwambia kwetu? Nishonee tu, Akaiti. Na usimwonyeshe mtu mpaka iishe."

Alisema hivyo akiitazama mvua. Akaiti aliuona uso ule uliogeuka, na akaelewa kwamba kuna neno limebaki nyuma ya meno. Alikuwa amelelewa vema. Alijua kwamba nakshi za tivaevae, yale mashuka makubwa ambayo wanawake wa visiwa hivi huketi pamoja kuyashona, zina wenyewe. Na mwanamke atakaye kushona nakshi ya nyumba ya watu huenda kwanza kwa wanawake wa nyumba hiyo, akaomba. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala haikuhitaji kuandikwa. Lakini Tamatoa alimgeukia tena, akatabasamu kwa lile tabasamu lake la upande mmoja, na Akaiti akachora. Hapo ndipo alipokosea. Mapenzi yana heshima yake, ila hayakumwondolea wajibu wa kuuliza.

"Anakuja," alisema Shangazi Mii kwa sauti ya chini. "Mungu wangu, amevaa kofia ya kanisani."

Mama Tepaeru aliingia barazani akiwa na gauni jeupe na kofia ya ukindu iliyosukwa kwa ustadi, mwili mkubwa, hatua zisizo na haraka. Kwenye mgongo wake ulionyooka ulionekana ujane wa miaka mingi uliobebwa bila kulalamika.

"Kia orana, Mii."

"Kia orana, Mama Tepaeru! Karibu, karibu. Jua limekuumiza? Akaiti, lete dafu. Keti hapa, kiti hiki ndicho kizima, hicho kingine tunakiweka kwa ajili ya mchungaji."

Mama Tepaeru alikaribia kutabasamu. Akaiti aliliona lile tabasamu likijikusanya pembeni mwa mdomo, na kifua chake kikalegea kidogo. Kisha macho ya mgeni yalipita juu ya bega lake, yakaangukia kiti cha pembeni, ambako Akaiti kwa majivuno yake alikuwa amelitundika koti, mgongo wake ukiwaelekea wageni.

Dafu lilikuwa tayari mkononi mwa Akaiti. Halikupokewa.

"Nani amefukua hili?" alisema Mama Tepaeru.

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Ni koti la Tamatoa, Mama," alijibu Akaiti. "Nimemshonea la safari."

"La safari." Alilisogelea, asiliguse. "Mii, unaijua nakshi hii?"

"Mimi? Mimi nimekuja Rarotonga juzi tu, Mama. Za Mangaia nazijua. Hii naiona nzuri."

"Mume wangu Teio alizama Manihiki. Wakamrudisha kwa meli, na mama mkwe wangu akakunja kitambaa, akakata majani haya na ndege huyu kwa mkono wake, na sisi wanawake wa nyumba tukakaa tukashona bila kulala, kwa sababu maiti hasubiri. Teio alifunikwa nayo akateremka nayo kaburini. Nakshi iliyoshuka na mtu kwetu haikatwi tena. Imekwenda na mwenyewe." Alimgeukia Akaiti. "Na wewe umeitoa huko, umemvika mwanangu mgongoni, siku anayokwenda maji yale yale."

Akaiti alihisi baraza limeinama. Ule uso uliogeukia mvua ulimrudia wote, na sasa aliweza kulisoma lile neno lililofichwa nyuma ya meno.

"Mama, mtoto hakujua!" alisema Shangazi Mii.

"Hakuuliza! Kutojua namsamehe. Kutouliza je? Huko kwenu Mangaia mnachukua tu?"

"Huko kwetu Mangaia tunamsikiliza mtu kabla ya kumnyonga."

"Basi namsikiliza." Mama Tepaeru alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Nani alikupa? Wanawake walioishona nawajua mmoja mmoja. Ni wifi yangu Tuaine, sivyo? Yule hawezi kukaa na kitu moyoni. Sema tu ni Tuaine, niende nikamalizane naye."

"Si yeye, Mama."

"Nani basi?"

Akaiti alilitua dafu mezani. Angeweza kulitaja jina moja, na lawama yote ingemtoka mabegani. Lakini mwenye jina hilo alikuwa anaondoka kabla ya jioni, kwenda chini ya maji ambako hata mtu mwenye moyo mtulivu huhitaji pumzi zake zote. Na mama huyu angebaki Avatiu na hasira isiyo na wa kuipokea. Je, ampeleke Tamatoa baharini akiwa ameachana vibaya na mama yake? Hapana. Afadhali aikose posa.

"Kosa ni langu," alisema. "Sikuuliza. Mengine, Mama, naomba usiniulize."

"Kiburi pia unacho."

"Si kiburi, Mama."

"Nilikuja hapa kusema ndiyo," alisema Mama Tepaeru. "Ujue hivyo. Njia nzima nilikuwa najifundisha kuitamka."

Mlango wa uani ulisukumwa. Tamatoa aliingia akipiga mluzi, begi begani, ua la tiare nyuma ya sikio, furaha ya mtu anayedhani mambo yake yameshanyooka. Mluzi ulikoma. Alimtazama mama yake, akalitazama koti, mwishowe akamtazama Akaiti. Na Akaiti, macho yakiwa yamejaa, alitikisa kichwa kidogo mno, kwa namna ambayo yeye peke yake angeiona. *Nyamaza. Nimelibeba mimi.*

Huenda mwanamume mwingine angeyakubali macho yale na kujificha nyuma yake. Tamatoa aliweka begi chini.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia ashone."

"Usimtetee."

"Simtetei. Hakujua kitu. Aliniuliza ni ya nani, nikamkwepa."

"Wewe uliijulia wapi? Ulikuwa mtoto. Ulikuwa umelala."

"Mlinilaza. Sikulala. Niliwaona mkimfunika. Uso hamkunionyesha, Mama. Mlisema nitaota vibaya. Kwa hiyo kila nikitaka kumkumbuka Baba, sioni uso. Naona majani na ndege. Sina kingine."

Shangazi Mii aliliweka bakuli la saladi mezani polepole, kana kwamba lilikuwa na mtoto ndani.

"Na ukaona uende nayo kule kule," alisema Mama Tepaeru.

"Niliona niende naye."

Mama Tepaeru aliketi, kwenye kile kiti cha mchungaji, na kiti kikalia chini yake. Alikaa akiitazama kofia yake. Kisha alimwelekea Akaiti, na uso wake haukuwa umelainika hata kidogo.

"Fumua."

"Mama," alisema Tamatoa, "nitalivaa hivyo lilivyo."

"Ukilivaa hivyo lilivyo, usinitafute gatini, kwa sababu sitakuwapo. Nimesindikiza mtu na hilo jani mara moja. Sirudii."

Tamatoa alimtazama Akaiti kama mtu anayeomba amri. Akaiti alikuwa ameshalichukua koti, ameshaketi, ameshaushika mkasi mdogo wa kufumulia.

"Nenda ukapakie mizigo yako," alimwambia. "Koti utaletewa."

"Akaiti, nilikudanganya."

"Hukudanganya. Ulinyamaza. Nitakugombeza, lakini si leo. Leo sina nafasi."

"Lini?"

"Ukirudi. Kwa hiyo rudi."

Tamatoa alisimama mbele yake, akaugusa ubavu wa kidole chake penye subana, mguso mwepesi ambao mbele ya wazee haukuweza kuwa zaidi ya hapo, na kwa sababu hiyo ulizidi. Kisha akalitwaa begi lake na kuondoka, na Akaiti hakuinua macho mpaka nyayo zake zilipokwisha kusikika.

Alianza na ncha ya jani la kushoto. Kazi aliyoishona kwa wiki nyingi ilianza kuachia uzi baada ya uzi. Hakulia, machozi yangelilowanisha koti. Mara kivuli kikubwa kiliangukia magoti yake. Mama Tepaeru alikuwa amevuta kiti, amechukua mkasi mwingine kutoka kwenye kopo la vifungo, na bila kuomba ruhusa akalianza jani la kulia.

Nyuzi nyeupe zilianza kuwajaa mapajani.

"Mishono yako ni midogo," alisema Mama Tepaeru.

"Ahsante, Mama."

"Sikukusifu. Inanichelewesha."

Kutoka jikoni Shangazi Mii alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Kwa nini hukumtaja?" aliuliza Mama Tepaeru, macho kwenye uzi. "Nilikutukana wewe na kisiwa chako chote."

"Anaondoka leo, Mama. Sikutaka aondoke mmekosana. Mimi hata ukinichukia, sizami popote."

Mkasi wa Mama Tepaeru ulisita, ukaendelea. Jani la kulia lilitoka zima. Akalikunjua juu ya paja, akalilainisha kwa kiganja. La kushoto likafuata, na mwisho Akaiti akamng'oa ndege. Alilikung'uta koti ili vipande vya uzi vidondoke, akalitandaza mezani, na wote wawili wakaganda.

Majani yalikuwa bado yapo. Kila jani, kila ukingo wake, hata bawa la ndege, vilikuwa vimebaki kwenye kitambaa kwa buluu nzito ya usiku, katikati ya buluu iliyofifia kama mbingu ya asubuhi.

"Umepaka rangi chini yake?" alisema Mama Tepaeru, karibu kwa mnong'ono.

"Hapana, Mama, naapa. Ni jua. Nilishona kwanza, kisha nikawa nalilowesha kwa maji ya bahari na ndimu, nalianika kila siku ili lipauke. Penye kiraka jua halikufika. Sikufikiri kwamba... Mama, nisamehe. Sikulifikiri hilo."

"Litafutika?"

"Siwezi kulifuta leo. Nikilitia dawa litaoza. Ni jua lenyewe tu litakaloliondoa, taratibu. Akilivaa kila siku juani huko Manihiki, mpaka atakaporudi litakuwa limefifia. Labda usilione kabisa."

Mama Tepaeru aliuweka mkono wake juu ya ndege wa kivuli. Mkono ulikuwa mpana, wenye makovu ya sindano, na ulikaa hapo muda mrefu kuliko Akaiti alivyoweza kuvumilia. Alingoja kusikia koti likitupwa. Alingoja kusikia neno la mwisho.

"Mimi nilitaka amtoke moyoni kwa siku moja," alisema yule mama hatimaye. "Baba yake. Niliondoa picha, nikaondoa nguo, nikasema mtoto atasahau. Kumbe alikuwa macho." Alivikusanya vile vipande vyeupe, akavitia ndani ya kofia yake. "Hivi navirudisha kwa mwenyewe, kaburini. Lile lililobaki na liende na mtoto. Limtoke polepole."

Honi ya meli ililia kutoka gatini, ndefu, nzito, ikayatikisa madirisha.

"Pikipiki yako inawaka?" aliuliza Mama Tepaeru.

"Inawaka, Mama."

"Naziogopa. Usiende kasi." Kisha, akiwa ameshakaa nyuma, kofia kifuani, mkono mmoja umemkaba Akaiti kiunoni: "Mbona unakwenda kama konokono? Meli inaondoka!"

Kamba ya mwisho ilikuwa inafunguliwa walipofika. Gati lilikuwa limejaa watu, mashada ya maua, watoto mabegani, nyimbo na vilio. Kati ya ukuta wa gati na ubavu wa meli maji yalikuwa yameanza kupanuka. Tamatoa alikuwa ameegemea reli, akiwatafuta kwa macho ya mtu aliyekata tamaa ya kutafuta.

"Tamatoa!" Akaiti alipita katikati ya watu kwa mabega. Aliinua koti, akapima umbali, akalishusha: lingeangukia majini.

"Nipe," alisema Mama Tepaeru. Alilifunga koti mikono yake kwa fundo moja, akalirusha kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kurusha mizigo ndani ya meli. Tamatoa alilidaka kwa ncha za vidole. Alilifungua, akaliona. Alimtazama mama yake kwa mshangao, na mama yake akainamisha kichwa mara moja tu.

Alilivaa. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na neno ambalo lingeweza kuyavuka yale maji, akawageuzia mgongo ili waone, akasimama hivyo huku meli ikizungusha pua kuelekea mlango wa mwamba. Majani mawili meusi na ndege wao walizidi kuwa wadogo.

Akaiti alitazama bila kupepesa. Kila tone la furaha lililokuwa ndani yake lilikuwa limechanganyika na hofu, asijue aitenge vipi moja na nyingine.

"Akirudi salama," alisema Mama Tepaeru kando yake, macho baharini, "nitakuja kwa shangazi yako na ndugu zangu wote, na nguruwe, na nitasema lile neno nililojifundisha njiani."

"Ndiyo, Mama."

"Na asiporudi..." Vidole vyake vilikuwa vimeukunja ukingo wa kofia.

"Asiporudi," alisema Akaiti, "nitakuja mimi kwako."

Mama Tepaeru alimshika mkono, akaukaza, na hakuuachia hata meli ilipokuwa imekwisha kuvuka mwamba.